Kitenge cha mama mkwe

Gloria, nimekwisha! Uko wapi wewe?

Si unakumbuka picha za ubatizo wa Ipyana zilivyofika na ukungu kwenye grupu la ukoo, hadi baba mdogo akauliza, "Huyu ni mtoto au kiazi?" Jana mwalimu wetu wa darasa la jioni la kompyuta akatuelekeza: tuma picha kama dokumenti, ubora haupungui.

Leo nikatuma moja ya pale sebuleni. Kali! Hadi kope za mwanangu zinahesabika.

Mama mkwe, kule Kyimo, akaikuza. Akaandika mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu Tulia, kitenge nilichokupa cha kuvaa kanisani ndicho hicho dirishani?"

DIRISHANI. Nimekifanya pazia, Gloria. Pazia! Watu kumi na tisa wamesoma!

Nikampigia hapo hapo. "Shikamoo mama, nisamehe, jua lilikuwa linampiga mtoto akilala."

Akacheka! "Kumbe mjukuu wangu analala kwenye kivuli changu? Kiache hapo hapo. Nitakuletea kingine cha kuvaa. Na picha utume hivyo hivyo, leo ndiyo nimemwona."

Nimelia, nimecheka. Ila picha ijayo naipigia nje, kwenye migomba.