Moshi Chini ya Kitanda

Phnom Penh, 2 Agosti 2016

Mama, shikamoo.

Natumaini wewe na wanangu hamjambo. Mimi ni mzima, bado tunashona mashati yale yale. Vuthy naye amepiga simu kutoka Thailand, anakusalimu mama mkwe wake. Sare ya Leakena nimempa dereva wa gari la kwetu pamoja na barua hii. Simu sipigi kwa kuwa chumbani tuko wanne, na huko kwako wanaoipokea ni watoto.

Nina swali dogo. Mwanamke akitokwa na damu nyingi, kisha asilale juu ya moto, kwenye kile kitanda cha makaa, akaoga maji ya baridi, ni kweli ile baridi humwingia kwenye mifupa mpaka uzeeni? Ni rafiki yangu wa kiwandani anauliza.

Mwanao,
Kunthea


Prey Veng, 6 Agosti 2016

Kunthea mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Rithy ameng'oka meno ya mbele, sasa akicheka ni mimi mtupu. Sare imemkaa dada yake vizuri, hataki kuivua.

Huyo rafiki yako hana mama wa kumuuliza? Unajua mimi nasoma kwa kidole, basi kidole kimepita pale pale mpaka karatasi imechafuka. Anayelala juu ya moto ni aliyezaa. Na mwezi wa sita wewe na Vuthy mlikuwa hapa kwenye msiba wa baba yake. Mambo hayo sikufundishwa shule lakini nayajua.

Umeitoa, Kunthea? Kwa nini hukuniambia? Hawa wawili nawalea, wa tatu angenishinda nini? Leo nimepeleka wali pagodani nikakaa nyuma ya nguzo. Nilikuwa naogopa mtawa asinisome usoni.

Usije nyumbani kwanza. Mama Yorn jirani anajua kumtazama mwanamke, atakuona tu, na wewe huna uso wa kuficha kitu. Ngoja rangi ikurudie.

Mama yako


Prey Veng, 20 Agosti 2016

Mwanangu,

Sisi hatujambo ila mimi silali vizuri. Gari limekuja, limerudi, limekuja tena. Kila likisimama naenda mwenyewe, na dereva ananitania, "Bibi, unanipenda?" Barua yako hana.

Una homa? Damu imekata? Kama ina harufu, au inamwagika, nenda hospitali hata kama watakusema. Wakuseme ukiwa hai.

Neno lile la kwamba usije, nililiandika nikiwa na hasira. Hapana, si hasira. Niliona aibu, mwanangu. Wewe ulikuwa unaumwa, mimi nikawa namfikiria Mama Yorn.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako


Phnom Penh, 26 Agosti 2016

Mama, shikamoo.

Niko hai, kazini naenda. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliiona ile sentensi yako.

Ni mimi. Mkataba wangu unaisha karibuni, na kwetu mwenye tumbo haongezewi mkataba. Vuthy anajua. Alisema nifanye ninavyoona. Muuza dawa aliniuliza kwa sauti mbele ya wateja, "Unataka zile za kutoa?" Nikasema ndiyo huku nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Nilizimeza chumbani Jumapili ile kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Wenzangu niliwaambia nimekula kamba walioharibika. Mama, uchungu ulikuwa kama wa kumzaa Rithy, ila safari hii hukuwepo kunishika mgongo. Nilichuchumaa kwenye choo cha wapangaji, wakawa wanagonga. Phally, yule mwenye mdomo ninayelala naye chumba kimoja, akapiga kelele, "We, unataga humo?" Nikacheka huku nalia.

Nilipotoka akanitazama. Akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaizungushia kanga yake, akaniwekea tumboni. Baadaye akasema, "Kamba wabaya sana hao. Hata mimi mwaka juzi waliniumiza."

Damu imekata. Homa sina. Kinachonitia aibu si vidonge, Mama. Ni kwamba kesho yake nilijisikia mwepesi.

Lakini magoti na kiuno vina baridi, hata nikiwa juani. Moto hapa siwezi kuwasha, na huko umeniambia nisije.

Mwanao,
Kunthea


Prey Veng, 30 Agosti 2016

Kunthea wangu,

Marahaba, mwanangu. Watoto wazima. Mimi nimezaa.

Ndivyo kijiji kinavyosema. Nimekitoa kile kitanda cha mianzi nilichokulazia ulipowazaa hawa, nimekiweka chini ya nyumba, katikati ya nguzo zake, nimejaza makaa chini ya kitanda na kulala mchana kweupe. Mama Yorn aliona moshi akaja mbio. "Haya bibi, umejifungua? Na baba ni nani, yule muuza bata?" Nikamwambia ndiye, na amenikimbia. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuwaita wengine. Nimewaambia ni mgongo. Hakuna anayeamini, wanasema uzee umenipanda kichwani. Sokoni wananiuliza mtoto anaitwa nani.

Niliikimbia aibu mpaka nyuma ya nguzo. Sasa nimelala nayo kitanda kimoja, na kumbe hainiumi kama nilivyodhani.

Moshi umeshazoeleka. Hakuna atakayeuliza tena namfukizia nani. Tangawizi nimeitwanga, nyama nitaikaanga na pilipili manga ile kali, na pombe ya mizizi ya kukutia joto iko chunguni. Dereva nimemwambia akupe kiti cha mbele kisicho na upepo. Phally mwambie chupa yake nimeisikia. Akipata nafasi aje naye.

Usinijibu barua hii. Mimi nalala upande wa nguzo, makaa yanazidi upande wako.

Mama yako