Mshale Ulioganda

Tok, tok, tok. Nilisikia mlio kabla sijamwona mtu. Kumbe bosi yumo ndani ya ndege ninayoirusha, anagonga kioo cha geji ya mafuta kwa ukucha.

Aisee, mshale umeganda kwenye "limejaa". Tanki nimelichungulia mwenyewe, ni nusu! Nikamwambia siruki, sheria hairuhusu kupaa na geji mbovu.

Akacheka. "Malenga, unaogopa mshale? Marehemu kaka yako alikuwa anagonga hivihivi, kisha anapaa."

Anagonga hivihivi, kisha anapaa.

Umeelewa? Wewe rafiki yangu ulibeba jeneza la kaka pamoja nami. Tuliambiwa mafuta yalimwishia angani kwa uzembe wake. Mama ameishi na aibu hiyo. Kumbe huyu alijua geji ya ndege ya kaka ni mbovu, na bado akamrusha!

Damu ilinichemka. Naye bado anagonga. Tok, tok. "Abiria wanasubiri. Ruka au funga virago."

Nimechomoa ufunguo. Nimempigia mama palepale, bosi akisikia.

"Mama, leo narudi kwa miguu. Na nikifika, nitakuambia kaka alikufaje."