Tumbo la Fartun

Iftin, Garissa
3 Machi

Abaayo Hinda, dada yangu,
Assalaam aleykum. Goti la mama linaendeleaje? Mimi alhamdulillahi, ila ngozi ilinipasuka tena hadi shuka ikanata damu. Daktari ameniongezea vidonge vya steroidi. Muwasho umetulia, wallahi nimelala! Lakini uso umevimba, tumbo limejaa, hedhi imekatika. Amesema ni dawa, na nikiiacha ghafla naweza kufa.

Mama mkwe hasikii. Kila saa ananikodolea tumbo, maana mume wangu Yarrow yuko Lafey na ngamia tangu mwaka jana. Simu yangu ameificha, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali anakisoma.
Mdogo wako,
Fartun

Habaswein
19 Machi

Fartun mpenzi,
Waaleykum salaam. Sisi wazima, mama anatembea. Niambie mimi tu, sitakasirika: mimba ni ya nani? Dawa gani hiyo ya kujaza tumbo? Kaka Ayanle aliniuliza kuna nini, nikamwambia ukweli. Atakuja huko mwisho wa mwezi. Mheshimu, usimjibu vibaya.
Dada yako,
Hinda

Garissa
6 Aprili

Dada,
Salaam. Niko hospitali.

Mama mkwe alimpigia Yarrow simu, naye akarudi. Hata maji hakunywa. Alinichapa bakora ya ngamia tumboni, tumboni tu, akipiga kelele, "Kitoke!" Ngozi hii yangu hata kanga inaichubua, ilitoka vipande. Nilimmwagia birika la chai ya moto kifuani. Alilia, na nilifurahi. Vidonge akavitupa chooni. Kesho yake nilizimia, majirani wakanibeba.

Daktari alinipiga picha ya tumbo kwa mashine Yarrow akitazama. Hakuna mtoto. Alipiga magoti mbele ya wagonjwa wote, akaniahidi ngamia wawili. Nilimwambia akawaoe hao ngamia.

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi mlangoni. Ndipo Ayanle akaingia na kisu, akiuliza yuko wapi yule malaya. Yarrow alisimama katikati, akisema hana mimba, hana mimba. Kisu kilimwingia shingoni. Damu yake ilinirukia mpaka kwenye bandeji. Amezikwa jana.

Ayanle yuko korokoroni. Polisi wameniuliza nani alimwambia nina mimba. Nimewaambia ni wewe.
Mdogo wako,
Fartun