Boriti za Nyumba ya Kaka

Bagamoyo, 9 Machi 1953

Kwa kaka yangu mpenzi Bwanausi, huko Unguja.

Shikamoo kaka. Sisi tu wazima, na mbuzi wetu amezaa mapacha.

Unakumbuka jumbe peke yake ndiye aliyetoa ruhusa ya kukata mikoko. Sasa lipo baraza la wakata boriti pamoja na kina mama wanaovua uduvi kwa kutanda kanga kuukuu majini. Juzi mama alisimama mbele ya wanaume. Mama yetu, kaka! Akasema uduvi wanatoweka kwa sababu mikoko inakwisha, kwa hiyo kila ukoo upumzishe kijito chake miaka mitano bila kukata.

Mzee Pazi akacheka. "Kuwafungia wenzio rahisi, Mwanamvua. Na kijito chenu je, au hicho hakina uduvi?"

"Chetu kifungwe kwanza," mama akajibu. "Leo hii."

Mzee Pazi akajikuna ndevu, akasema, "Haya, na changu." Wengine wakafuata.

Lakini kaka, boriti za nyumba yako ya harusi zimo katika kijito hicho, hazijakatwa bado. Mama anajua. Tangu siku ile chakula hakimpiti, wala hakunituma nikuandikie.

Jana nilikwenda kuitazama mikoko yako. Chini yake miche imejaa tele, kila mmoja na majani mawili, na uduvi wanameta katikati yake. Sijapata kuona uzuri kama ule.

Ukiwa radhi boriti zako zingoje, mwandikie mama mwenyewe. Nitamsomea polepole.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaharusi