Papa, Jumatatu Tunavuka Lubunga

Mpendwa Papa,

Jana Anselme aliniita ofisini. Ndiyo, yule yule Anselme wako wa shati jeupe. Siku hizi ni mkuu wa idara, na ukimwita bila kuanza na "Chef" hasikii. Ameniambia kwamba nikiwavusha wanafunzi kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, Jumatatu, basi Jumanne somo langu atapewa mtu mwingine. Somo lako, Papa, lile la siasa na jamii, ulilolifundisha mpaka kifua kikakushinda. Nilirudi nyumbani kwa miguu, maana ningepanda pikipiki ningemgombeza dereva bure. Sasa nimekaa kwenye kiti chako barazani, Mama yuko jikoni anatwanga majani ya muhogo kwa ajili ya pondu, na ninakuandikia wewe kwa sababu kila mtu mwingine ananionya kwanza kabla ya kunisikiliza. Barua hii sitaifunga. Anayetaka kuisoma na aisome, hata Anselme.

Nilikuwa mdogo uliponichukua mara ya kwanza kwenda chuoni. Shule ilikuwa imefungwa na Mama alikwenda Basoko kumzika shangazi yake, kwa hiyo hukuwa na pa kuniacha. Tulipita kwenye kumbi za wenzako milango ikiwa wazi. Kila mmoja alikuwa anasoma kwa sauti na wanafunzi wanaandika: neno, virgule, neno, point, à la ligne, hata mkato na nukta wakitamkiwa. Nilidhani wanasali. Nilikuuliza kama na wewe utasali hivyo, ukacheka mpaka ukasimama kushika ukuta.

Katika ukumbi wako kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Papa Prof, syllabus utatupatia lini?" Walikuwa wamezoea kuuziwa yale makaratasi ya mwalimu, kuyameza, na kumrudishia yote siku ya mtihani. Ukamwambia, "Syllabus iko inje. Kila mutu avae viatu." Wakadhani unatania. Ukachukua kofia yako ukatoka, na mimi nyuma yako, na wao nyuma yangu, wengine wakinung'unika. Mmoja alisema kwamba wazazi wake hawakuuza mbuzi ili yeye aende kutembea. Ulimsikia ukageuka, ukamwambia bila hasira, "Mutoto yangu, miye siko cassette."

Wewe ulifundisha hivyo. Uliwapeleka kivukoni, ukawapandisha mtumbwi, na kazi uliyowapa ilikuwa moja tu: kutazama. Nani anapanda kwanza. Nani anaambiwa asogee. Nani anatoa maji yanayovuja. "Musiandike kitu," uliwaambia. "Mutaandika tukifika." Nilikaa kati ya magoti yako nimeshika suruali yako kwa mikono miwili, maana mto pale ni mpana na sikuwa najua kuogelea. Sijui mpaka leo.

Anselme, na shati lake jeupe, alikaa mbele yetu. Jana yake ulikuwa umesoma jibu lake mbele ya darasa zima, maana alikuwa ameeleza mamlaka, pouvoir, ni nini kwa ufasaha ambao hata wewe ulisema huuwezi. Alikuwa bado anang'aa kwa sifa hizo. Tulipofika katikati, maji yalianza kuingia, na kopo la kutolea maji, la maziwa ya unga, likabingirika mpaka miguuni pake. Akaliokota. Bila hata kutazama, akampa mama mmoja aliyekuwa na beseni la pondu mapajani na mtoto mgongoni. "Mama, tosha mayi." Yule mama akapokea akaanza kutoa maji. Hakuna aliyesema neno. Hata mimi sikuona ajabu. Niliona ndivyo mambo yalivyo.

Tuliposhuka, ulimtwisha yule mama beseni lake, ukamshukuru, ukangoja aondoke. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, lakini ng'ambo ile kulikuwa kimya na wote walisikia: "Anselme, jana uliniandikia muzuri sana pouvoir iko nini. Leo umeifanya." Wanafunzi wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulingoja wanyamaze, ukaongeza: "Na miye nilikuwa mule ndani, nikaona, nikanyamaza. Donc tuanze na miye."

Basi mkaanza na wewe. Mlikaa kwenye mchanga wa Lubunga jua likiwa kali, wakakuuliza maswali ambayo hakuna profesa anayekubali kuulizwa. Kwa nini ulinyamaza? Ulikuwa unamwogopa nani? Au ulimtumia yule mama kama chaki? Hilo la chaki lilikuuma, niliona. Wakati wa kurudi ulilichukua kopo mwenyewe, ukatoa maji njia nzima, suruali imelowa mpaka magotini. Ndipo binti mmoja mwembamba akasema, "Papa Prof, ukitosha mayi weye peke yako kila siku, ile nayo haiko kutawala?" Sijawahi kukuona na furaha vile. Ulirudia maneno yake mezani jioni ile mpaka Mama akasema basi, chakula kinapoa.

Na walikufanyia nini kwa ajili hiyo? Walisema unatembeza watoto wa watu kama mbuzi. Wakakupa ukumbi wenye bati lililotoboka, saa ambazo wenzako walikuwa wameshakwenda kulala mchana. Ulikuwa unarudi juu ya toleka, umekaa nyuma ya baiskeli ya watu na matope kwenye viatu, na Mama anakupokea mlangoni na maneno yale yale: "Papa Prof wa inje, karibu ndani." Hukuacha. Mwaka hadi mwaka uliwavusha. Nikisikia leo watu wanasema ulikuwa mpole, ninashangaa wanamzungumzia nani. Ulikuwa mbishi, Papa. Ulikuwa unabisha kwa sauti ndogo tu.

Mimi sauti yangu si ndogo, na hilo unalijua. Wanafunzi wangu wana simu. Nikiandika maana ya neno ubaoni, wanaipiga picha, wanaitumiana, na neno limekwisha. Kwa hiyo sasa siandiki maana. Ninaandika swali, kisha ninasema simu mifukoni, twende. Mwaka jana tuliwafuata watu wanaoingia msituni kule Masako kulima, tukawauliza nani anasema mwisho wa shamba uko wapi. Walirudi wakiwa wamegombana wao kwa wao, na hiyo ilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizofundisha.

Sasa nikuambie ya ofisini. Anselme alifunga mlango. Akaanza vizuri, alinipa hata kiti. "Bon, Madame. Banafunzi wanalalamika, wanataka syllabus. Politique inafundishwa watu wakiwa wamekaa." Nikamwambia kwamba waliolalamika ni wawili, na wote wawili niliwaalika waseme mbele ya wenzao. Akachezea saa yake. Halafu likamtoka: "Papa yako alinifanya muchekesho mbele ya promotion yote. Mpaka leo wananiita Kopo."

Sikulijua hilo, Papa, kwamba wenzake wa darasa wanamwita hivyo. Nadhani na wewe hukulijua. Nilimtazama yule mtu mzima mwenye mvi, na kwa muda nikamwonea huruma ya kweli. Nikamuuliza, "Chef, unakumbuka alisema nini nyuma ya pale?"

"Nakumbuka yenye nilisikia."

"Alisema tuanze na yeye. Nilikuwa pale, kati ya magoti yake."

Akatazama dirishani. Nilifikiri amelegea. Lakini aliporudisha uso alikuwa chef tena: "Alors, utadicter kama benzako, ama ubaki kwako." Niwasomee waandike, au nikae nyumbani: huruma yangu ikaishia hapo. Nikasimama, nikamwambia, "Papa alisema yeye haiko cassette. Miye nayo siko clé USB." Nikatoka na mlango nikauacha wazi.

Nina hasira, Papa, na pia ninaogopa. Nataka ujue yote mawili. Wakininyang'anya somo hili nitabaki kusimamia mitihani ya wengine, kutembea kati ya meza nikitazama nani anaibia. Hakuna kazi nyingine ninayoitaka katika mji huu wala mji mwingine. Ndiyo maana siwezi kulifundisha nimekaa. Nikiwasomea watoto hawa mamlaka ni nini, neno kwa neno, nao wakaandika neno kwa neno kwa sababu nimesema waandike, nitakuwa nimewapa kopo na kuwaambia watoe maji. Wanafunzi wangu sitawafanyia hivyo. Na Anselme hatanifanya mimi niwafanyie. Aliliona somo lile kwa macho yake, akashuka nalo mtumbwini, akalibeba kichwani miaka yote hii, akaamua kwamba lililo baya ni kuchekwa. Mimi niliona jambo jingine kabisa, nikiwa mtoto, na sitakubali kufundishwa kulisahau.

Mama ametoka jikoni sasa hivi. Nilimweleza yote jana, nami nilikuwa nangoja aniambie nina kichwa kigumu kama chako. Amejifuta mikono, amenitazama hapa kwenye kiti chako, amesema, "Uende. Lakini vaa mabuti, Lubunga iko matope." Kisha amerudi kwenye pondu yake. Nimelia kidogo. Sasa nimemaliza.

Kwa hiyo Jumatatu tunavuka. Nimemwachia Anselme ujumbe kwa katibu wake: Chef, tunaondoka kivukoni asubuhi, nafasi yako iko. Sikuuandika kwa kejeli. Ninataka kwa moyo wangu wote aje, avue koti lake, akae kati yetu, akijua wazi kwamba kopo liko pale. Nitaliweka katikati ya mtumbwi, siyo miguuni pa mtu. Akija, tutavuka. Asipokuja, tutavuka. Maji yakianza kuingia nitanyamaza kama ulivyonyamaza wewe, lakini kwa muda mfupi zaidi, na asipojitokeza mtu, nitauliza kwa sauti yangu hii kubwa: tuanze na nani?

Pumzika, Papa. Viatu vyako bado viko mlangoni, Mama hataki viondolewe. Mabuti yangu nimeyaweka kando yavyo.

Ni mimi, binti yako wa kati ya magoti