Sadaka ya Prosesa

Munje, Ijumaa, 7 Machi 2025

Kaka Luqman,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi hatujambo, ila mama bado ni wa kugeuzwa kitandani. Swaumu yaendaje huko Maskati?

Prosesa uliyompa Amin aniletee imefika na nimeshaifunga. Kwa ile ya zamani kompyuta ilikuwa nzito, kampuni ya kunakili sauti ikaikataa. Wataipima tena Jumatano saa sita. Ikipita, nitafanya kazi papa hapa kando ya mama. Isipopita, wakala ameshanikatia ndege ya Jumapili, nije huko kwenye kazi za ndani.

Kwa kuwa ni Ijumaa na tumo mfungoni, ile ya zamani nimeitoa sadaka kwa Jumwa wa Kinango, niliyesoma naye. Kompyuta yake ilikuwa imekufa prosesa. Yangu nitaiwasha nikishafuturu.

Nduguyo, Twaiba

Maskati, 8 Machi

Mdogo wangu,

Waalaykumu ssalaam, marahaba. Mama mpe pole.

Twaiba, kosa ni langu, sikukueleza. Bodi yako itaibeba prosesa mpya, lakini bado haijaijua. Ilitakiwa uiwashe kwanza kwa ile ya zamani, uitie programu mpya kwa flashi, ndipo ubadilishe. Mfuate Jumwa.

Na huku usije. Nawaona dada wa kazi wanavyoishi. Nakuomba.

Kakako, Luqman

Munje, 10 Machi

Kaka,

Salamu nyingi. Tangu Ijumaa feni yazunguka, kioo cheusi. Mafundi wawili wa Ukunda wasema ninunue bodi nyingine, nayo haipatikani kabla ya Jumatano.

Kwa Jumwa sikwenda. Nilimuuliza mama, akaniambia mwenye kurudia sadaka yake ni kama mbwa arudiaye matapishi. Naona haya, kaka, na naogopa. Nifanyeje?

Twaiba

Maskati, 10 Machi

Twaiba,

Hujambo? Sadaka huirudii, waiazima. Saa moja tu, kisha umrudishie mwenyewe. Mola anaijua nia yako. Nenda kesho alfajiri, usingoje kujibu barua pepe hii.

Kakako

Munje, Alhamisi, 13 Machi

Kaka Luqman,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima.

Nilikwenda. Jumwa hakuniacha hata nimalize kuomba, alichukua bisibisi yeye mwenyewe. Ile Ijumaa nilimwambia asisahau kutia dawa chini ya feni. Sikumwambia ni ile ya kupitisha joto la prosesa. Maskini, alitia dawa ya meno, nayo ilikuwa imekauka ikashika kama saruji. Tulipovuta, feni ilitoka na prosesa, tena kwa upande. Vipini vinne, vile vijiti vya chuma vya chini yake, vilikatika. Vilivyopinda nilivinyoosha kwa sindano, lakini vilivyokatika vimekatika.

Jumwa alilia, kisha akaniambia, "Usijali dada, kwani ilikuwa yako." Laiti angenitukana. Nimemharibia na yake.

Jana saa sita ilinipita nimekaa mbele ya kioo cheusi. Wakala amepiga simu mara mbili. Jumapili nakuja, usinigombeze. Shangazi Hasina atahamia hapa, ingawa mgongo wake wamuuma na kumgeuza mtu hawezi.

Mama sijamwambia. Leo nikimgeuza aliniuliza kama kompyuta imewaka. Nilimjibu imewaka. Akasema alhamdulillahi, kumbe huondoki, akalala.

Nduguyo, Twaiba