Jina la Penseli Kwenye Majarida ya Janice

Foundry Row 14,
Barnsley.
4 Machi 1981

Mpendwa dada Hilda,

Salamu nyingi. Mguu wako unaendeleaje na hiyo theluji ya Kanada? Sisi hatujambo, ila kifua kinanisumbua na usingizi sina. Usiucheke mwandiko wangu.

Dada, shida ni Janice. Unakumbuka nilikueleza ile tamthilia ya televisheni, watu wanaishi ndani ya chombo huko kwenye nyota? Ina jarida lake, hutoka kila mwezi. Juzi natandika kitanda chake, nikayakuta sita chini ya godoro. Mimi sijamnunulia hata moja.

Unajua wenye maduka wanavyoandika kwa penseli, kwenye kona ya juu, jina la mteja aliyewekewa gazeti. Yote sita yameandikwa Ackroyd. Na Ackroyd hapa ni mimi na mtoto tu. Baba yake, Norman, tangu atuache yuko Aberdeen, miaka miwili hata kadi ya Krismasi hakuna.

Nikamuuliza, "Nani anakununulia?"

"Mtu tu, mama."

"Mtu gani?"

"Anayependa nyota. Acha upolisi!"

Nikayafungua yale majarida. Kurasa za nyuma zimejaa watu wanaotafuta marafiki wa barua, Hilda, majitu mazima ya miaka thelathini! Mtoto ana kumi na tatu. Nikajua kuna mwanamume anamvizia kwa kutumia jina letu.

Jana nikavaa koti, huyo, dukani kwa Bwana Sowerby, muuza magazeti. "Nitajie huyo mtu, au nasimama mlangoni hapa mpaka ufunge."

Akaanza kucheka, akaacha. "Doreen, ni Norman. Amerudi tangu Septemba, amepanga chumba Doncaster. Jarida likifika huja, analisoma lote amesimama, analipia, anamwachia Janice hapa, anaondoka kabla shule haijatoka."

"Janice anajua?"

"Tangu la kwanza. Alisema usiambiwe, utalia."

Sikulia. Ila najiuliza, anataka nini? Mtu mzima hanyatii miezi sita kwa ajili ya picha za roketi. Labda anataka kuninyang'anya mtoto. Labda mwanamke wake kamfukuza.

La mwezi huu lilikuwa bado kaunta, kesho atalipitia. Nikaomba penseli. Chini ya jina nikaandika: Jumapili, saa saba mchana, nyama ya kuoka. Simwamini, dada, usidhani namwamini.

Msalimie shemeji Walter, na Colin na Beryl uwabusu. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Doreen

Nyongeza: Janice kaiona nyama sasa hivi, anauliza mbona kubwa, nani anakuja. Nimemjibu, mtu tu.